Uchimbe wapi bwawa la samaki? Tindigani, jarubani, kwenye shimo la zamani, au nyumbani kwenye turubai

Kila kiangazi, Mto Kilombero unaporudi ndani ya kingo zake na tope la mbugani kuanza kupasuka, ofisi ya kijiji hupokea maombi ya namna moja: mtu anataka kuchimba bwawa la samaki. Nimekaa miaka kadhaa kwenye kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji chetu, na mwenyewe nafuga kambale na perege. Kwenye karatasi maombi yote yanafanana. Ukienda kutazama mahali penyewe unakuta mambo manne yasiyofanana hata kidogo. Mmoja anataka kuchimba tindigani, yaani kwenye kinamasi, katikati ya matete. Wa pili anataka kugeuza jaruba lake la mpunga. Wa tatu ameliona shimo lililoachwa na wafyatua matofali, nalo lina maji tayari. Wa nne ana uwanja nyuma ya nyumba na anauliza bei ya turubai.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya hao wanne, na pia kwa wajumbe wanaokaa upande wa pili wa meza wakiwa na muhuri mkononi. Nina msimamo, na ni afadhali niuseme mapema: swali la kwanza ni ardhi gani inafunguliwa, kabla hata ya kuuliza bwawa ni kubwa kiasi gani. Bwawa kubwa kwenye ardhi iliyokwishalimwa laweza kuwadhuru wanyama kidogo kuliko kidimbwi kidogo kilichochimbwa kwenye tindiga ambalo halijaguswa.

Bonde lenyewe

Bonde la Kilombero limelala kati ya safu ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mwaka 2002 liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, eneo la hekta 796,735. Maji yake ndiyo zaidi ya nusu ya maji yote ya Mto Rufiji, yale yale yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere. Hapa ndipo ilipokuwa sehemu kubwa ya sheshe wote duniani, yule swala mwekundu wa nyasi za majini, ambaye leo wazee wanamsimulia kuliko watoto wanavyomwona. Kuna ndege aina ya mnana anayeishi kwenye matete ya bonde hili, naye hakutambuliwa na wataalamu mpaka mwaka 1990. Ndege wengine wawili wadogo wa mbuga hizi walipewa majina ya kitaalamu mwaka 2021 tu. Tulikuwa tukilima pembeni yao siku zote.

Mwenye chepe mkononi anahitaji zaidi kujua jinsi bonde linavyofanya kazi. Masika mto hutapika, maji yakasambaa mbugani kwa kilomita nyingi. Kambale na perege hufuata yale maji, wakaingia kwenye nyasi zilizofunikwa kina cha goti, wakazaliana humo. Maji yakishuka, wadogo hurudi mtoni. Kwa hiyo ile nyasi inayoonekana haina kazi mwezi wa tisa, mwezi wa nne ni kitalu cha samaki wa wavuvi wote wa mto. Sheshe nao huifuata nyasi hiyo hiyo maji yanaporudi nyuma, kwa sababu ndiyo mbichi iliyobaki.

Tindigani na jarubani: hapa ndipo penye ubishi

Tindiga lina mvuto wake, na sitaudharau. Udongo ni mfinyanzi mzito, maji yako karibu, hakuna pampu wala mfereji. Kijana mmoja alinipeleka kwenye eneo lake, akachimba kwa jembe kina cha mkono mmoja, maji yakaanza kuchuruzika kutoka pembeni. Akafurahi. "Mzee, hapa maji ni ya bure. Kwa nini nikahangaike kule juu?"

Nikamwambia, "Kuingia ni ya bure, mwanangu. Kuyatoa je?"

Kwa mfugaji, hilo ndilo tatizo kubwa la bwawa la tindigani, na wengi hulijua siku ya kwanza ya kuvua. Bwawa linalojazwa na maji ya chini ya ardhi halikauki. Ukipiga pampu mchana, usiku limejaa tena. Huwezi kuvua samaki wote, huwezi kuanika tope la chini likapigwa jua, huwezi kumwaga chokaa na kuanza upya. Kambale wa mwituni waliojificha topeni wanabaki humo wakila vifaranga vyako vya msimu ujao. Perege wanazaliana bila udhibiti, na baada ya mwaka una samaki wengi wa ukubwa wa kidole. Ongeza mafuriko. Masika ya 2024 maji yalifunika sehemu nyingi za bonde hili na la Rufiji kule chini. Mabwawa ya tindigani yalizama, na samaki walikwenda zao.

Kwenda kwao ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Vifaranga vinavyopatikana kwa urahisi vituoni ni vya sato, samaki ambaye si mwenyeji wa maji ya Rufiji. Asili yake ni Mto Nile na maziwa ya kaskazini, na hata Ziwa Victoria aliletwa katika miaka ya 1950. Bonde letu lina perege wake wa asili. Sato akitoroka huzaana na perege huyo, na baada ya vizazi kadhaa huwezi kujua yupi ni yupi. Vifaranga vya madume pekee hupunguza hatari, lakini mara nyingi hubaki majike wachache ndani ya kundi. Kwa hiyo bwawa la sato mahali panapofikiwa na mafuriko si jambo la mwenye bwawa peke yake. Linamhusu kila mvuvi mwenye mtumbwi kuanzia Ifakara mpaka delta.

Kwa wanyama, hasara ya tindiga haionekani kwenye ukubwa wa shimo. Chukua bwawa la mita 20 kwa 15. Ni mita za mraba 300 tu, mbuga haishtuki. Lakini bwawa hilo, likiwa na kina cha wastani cha mita 1.2, linatoa udongo wa mita za ujazo 360. Udongo huo unawekwa wapi? Unapigwa tuta kuzunguka shimo, au unamwagwa pembeni juu ya matete. Majirani wakichimba hivyo hivyo wakafika kumi kwenye mstari mmoja, matuta yao yanaungana kuwa ukuta, na kambale aliyekuwa akipanda nyasini kutaga anagonga udongo. Hakuna hata mmoja kati ya hao kumi aliyefanya kosa kubwa. Kosa lilifanywa na sisi tuliopitisha maombi moja moja bila kutazama ramani nzima.

Jambo jingine ni kwamba shimo linageuza aina ya makazi. Tindiga la kina kifupi linalokauka na kulowana lina vyura, konokono, na ndege warefu wa miguu wanaotembea humo wakitafuta chakula. Ukilichimba likawa maji ya kina mwaka mzima, unawafukuza hao na kuwaita wengine: kenge, fisi maji, mnandi, na wakati mwingine mamba. Kisha unakuja ofisini kulalamika kwamba wanyama wanakula samaki wako.

Sasa jaruba. Hapo pa kulinganisha ni shamba la mpunga lililolimwa miaka mingi, pembeni mwa bonde, juu ya mstari ambao maji ya masika hufikia kwa kawaida. Ardhi hiyo ilikwishapoteza matete yake zamani. Ukiweka bwawa hapo, unabadilisha zao moja kwa jingine. Sisemi halina viumbe, maana jaruba lina ndege wengi, lakini hufungui jeraha jipya.

Gharama yake ni ya kweli. Inabidi uyalete maji, kwa mfereji kutoka kijito cha mlimani au kwa pampu. Hesabu ya bwawa letu lile la mita za mraba 300 iko hivi. Jua na upepo huchukua kama milimita 5 kwa siku, sawa na lita 1,500. Udongo mzuri wa mfinyanzi unaweza kupoteza kiasi hicho hicho kwa chini. Jumla ni lita 3,000 kila siku, madumu 150 ya lita 20, kwa ajili ya kulinda kina tu. Kwenye udongo wa kichanga hesabu hiyo hupanda mara kadhaa, na hapo nakushauri uache kabisa. Finyanga donge la udongo mbichi, lirushe juu, lidake. Likivunjika, usichimbe. Likishikana, chimba shimo dogo la kina cha kiuno, lijaze maji jioni, lijaze tena asubuhi, ufunike kwa majani, uangalie siku inayofuata limebaki na kiasi gani.

Faida ya jaruba ni mteremko. Unaweka bomba la kutolea maji chini ya tuta, na siku ya kuvua unalifungua, maji yote yanashuka. Yakishuka yanakwenda kwenye mpunga au mboga za jirani wa chini, yakiwa na mbolea ya samaki. Udongo pia unakuwa kidogo, kwa sababu unachimba nusu ya kina na kunyanyua tuta kwa udongo huo huo. Hakuna mlima unaobaki kutafutiwa mahali. Na bwawa linalokauka ni bwawa linalovuliwa lote, kwa hiyo mapato yake yanatabirika. Nimeona watu waliotoka tindigani wakaja jarubani wakilalamikia mafuta ya pampu mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hawakulalamika tena.

Shimo lililokwishachimbwa

Hili watu wengi hawalifikirii, ilhali vijiji vyetu vimejaa mashimo: ya matofali, ya kifusi cha barabara, ya mchanga. Kwa upande wa wanyamapori ndilo chaguo jepesi kuliko yote, kwani uharibifu ulikwishatendeka na wewe unaupa kazi. Kwenye kamati huwa natamani kila mwombaji aulizwe kwanza: je, hakuna shimo la kale karibu nawe?

Lakini lina mitego mitatu. Mmoja ni umiliki. Shimo la kifusi huenda liko ndani ya hifadhi ya barabara, na hapo si mali ya kijiji kukupa. Wa pili ni umbo: kuta zimesimama wima, kina hakilingani, hakuna njia ya kutolea maji. Inabidi uzilaze kuta ziwe na mteremko, kwa usalama wa watoto na ili nyavu ipite. Wa tatu ni afya. Ifakara ina taasisi iliyotumia miaka mingi kuchunguza malaria, na tunajua kwamba maji yaliyotulia yenye majani pembeni ni nyumba ya mbu, na konokono wake ni njia ya kichocho. Shimo lenye samaki na kingo zilizofyekwa lina viluwiluwi wachache wa mbu. Shimo lililotelekezwa lina wengi. Ukilichukua, umechukua na kazi ya kufyeka.

Halafu, kabla ya kushangilia, lizunguke shimo asubuhi na mapema. Shimo lililokaa miaka ishirini bila kuguswa huenda limekwisha kuwa tindiga dogo lenye matete na viota. Hapo halina tofauti na tindiga la asili, na mimi naliacha.

Turubai nyuma ya nyumba

Kidimbwi cha mita 6 kwa 4 chenye kina cha mita 1.2 hubeba karibu mita za ujazo 29 za maji. Unaweza kuweka kambale wengi kwa nafasi ndogo, kwa sababu kambale huvuta hewa kutoka juu ya maji. Hakuna maji yanayopotelea ardhini, hakuna mafuriko ukipachagua mahali pa juu, na samaki mgeni hana pa kutorokea. Kwa mtu anayepakana na hifadhi ndilo pendekezo langu la kwanza.

Ubaya wake: mtaji wa turubai, chakula cha kununua kwa asilimia kubwa, na maji machafu ya kubadilisha mara kwa mara, ambayo yasiende mtoni bali kwenye migomba. Baada ya miaka kadhaa turubai linachanika, na plastiki hiyo haina pa kwenda. Saruji inadumu zaidi na inakula pesa zaidi.

| | Tindigani | Jarubani | Shimo la zamani | Turubai |
|---|---|---|---|---|
| Maji | yanaingia yenyewe, hayatoki | ya kuletwa, yanatoka kwa bomba | ya mvua na ya chini | kidogo, ya kuletwa |
| Makazi yanayopotea | mengi, mapya | machache | karibu hakuna, ukikagua kwanza | hakuna |
| Samaki kutoroka | hatari kubwa | ndogo ukiwa juu ya mstari wa masika | inategemea mahali | karibu hakuna |
| Gharama ya kuanza | ndogo | ya kati | ya kati | kubwa kwa kila mita |
| Ugumu wa kibali | mkubwa, na ni haki | wa kati | umiliki ndio kikwazo | mdogo |

Upande wa wenye muhuri

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ziwani, baharini au kwenye bwawa la kuhifadhi maji. Kila mtu analijua hilo, na kila mtu anapima kwa hatua. Kinachosumbua bondeni kwetu ni mahali pa kuanzia kupima. Mwezi wa kumi ukingo uko hapa. Mwezi wa nne ukingo umehamia kilomita mbili. Mita 60 kutoka ukingo wa kiangazi ni katikati ya maji ya masika. Msimamo wangu kwenye kamati umekuwa kupima kutoka alama ya maji ya masika ya kawaida, ile inayoonekana kwenye magome ya miti na kumbukumbu za wazee. Wengine waliona ninakaza mno. Baada ya 2024 ubishi ulipungua.

Kibali cha bwawa hakitoki meza moja. Kijiji kinasema kama mahali panaruhusiwa na mpango wa matumizi ya ardhi, kama mpango huo upo. Afisa uvuvi wa wilaya anatazama samaki. Maji ni ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, nayo inatoa kibali cha kutumia maji. Afisa mazingira na chombo cha taifa cha mazingira, NEMC, wanaamua mradi unaingia kundi gani na kama unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira. Ukikaribia pori la akiba au hifadhi ya taifa, TAWA wanaosimamia mapori ya akiba, au TANAPA wanaosimamia hifadhi za taifa, wanapaswa kusikilizwa. Kila mmoja anaangalia kipande chake, na jumla inaweza kupita katikati ya vidole vyao. Ndiyo maana nasema kijiji, kinachoijua ardhi yote, ndicho kinachopaswa kuhesabu mabwawa kwenye mstari na kuona ukuta unaojengeka.

Kuna njia mbili ambazo wenye muhuri huzipenda kwa sababu ni rahisi. Moja ni kukataa kabisa. Uganda mwaka 2021 ilisitisha kutoa vibali vipya vya shughuli kwenye ardhioevu. Naelewa sababu: ukiruhusu mmoja, umeruhusu mia. Lakini kwa kijiji chenye njaa ya kitoweo, katazo lisilo na mbadala hugeuka uchimbaji wa usiku, na mchimbaji wa usiku haweki bomba wala hachagui samaki. Njia ya pili ni kuruhusu kwa wingi. Kenya, kupitia mpango wa kuchochea uchumi ulioanza 2009, ilichimba mabwawa 200 kwa kila jimbo katika majimbo 140, kila bwawa mita za mraba 300. Wapo walionufaika, na ulaji wa samaki ulifika mahali ambapo haukuwahi kufika. Lakini mengi yaliachwa baada ya ruzuku kwisha, kwa kukosa chakula cha samaki, maji au soko. Bwawa lililoachwa lina kasoro zote za uchimbaji bila faida hata moja.

Kwa hiyo ninasimama katikati, na katikati pana kazi nyingi. Kibali kizuri kinataja samaki: mahali panapofikiwa na mafuriko ni perege wa asili au kambale, na sato abaki juu au kwenye turubai. Kinataja udongo unakwenda wapi, kwa jina la mahali. Hili lina sababu ya ziada, maana nimeona maombi ya "bwawa" yenye kina cha mita nne na tipa zinazosubiri barabarani. Samaki wetu hawahitaji mita nne. Anayechimba hivyo anauza mchanga au mfinyanzi, na hiyo ni biashara ya madini ya ujenzi yenye leseni yake. Kina kikizidi mita mbili, mimi huuliza mara ya pili.

Kibali kinataja chujio la nyavu kwenye bomba la kuingiza na la kutolea. Kinataka ukanda wa matete uachwe kati ya bwawa na kijito, na kidimbwi kidogo cha kutuliza tope kabla maji hayajashuka. Kinataja miezi ya kuchimba: kiangazi, baada ya kukagua kama ndege wana viota kwenye matete ya jirani. Kinasema nyavu za kuzuia ndege ziwe za matundu madogo na zivutwe zikaze, kwa kuwa nyavu iliyolegea inamnasa mdiria na fundichuma mpaka wanakufa. Na kinasema bwawa likikaa misimu miwili bila samaki, tuta linakatwa ili maji yapite. Sharti hili la mwisho ndilo linalosahaulika, ndilo ninalolipigania zaidi.

Ningechagua nini

Ningekuwa na jaruba juu ya mstari wa masika na kijito chenye maji mwaka mzima, ningechimba hapo, moja la mita za mraba 300, nikavua mara mbili kabla ya kufikiria la pili. Ningekuwa na shimo la matofali lenye hati safi na lisilo na viota, ningeanza na hilo hata kabla ya jaruba, na fedha niliyookoa kwenye kuchimba ningeitia kwenye kulaza kuta. Nikiwa na uwanja tu, turubai na kambale. Nikiwa na tindiga tupu, ningevua humo kwa ndoana kama babu zangu na kuliacha lilivyo. Sisemi hivi kwa kuwaonea huruma ndege peke yao. Bwawa lisilokauka limewatia watu hasara mbele ya macho yangu.

Kuna hali moja ambayo jedwali hapo juu haliwezi kuijibu. Upande wa Mang'ula upo ushoroba wa tembo unaounganisha Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na serikali na wahifadhi wamefanya kazi kubwa kuurudisha, pamoja na njia ya tembo chini ya barabara. Mtu mwenye shamba kwenye mstari huo akija na ombi la bwawa, swali la jaruba au turubai linakuwa dogo. Maji wazi kiangazi yanamwita tembo asimame badala ya kupita. Akisimama anakula mpunga wa jirani, na uzio wa kulinda bwawa unaifunga njia yenyewe. Hapo ndipo pekee nisemapo hapana bila kuongeza masharti. Lakini sikuachii hapana tupu. Tembo huogopa nyuki, na mizinga iliyotundikwa kwenye waya pembeni mwa shamba huwageuza mara nyingi. Mwombaji mmoja wa ushorobani tulimnyima bwawa, tukakaa naye mchana mzima tukihesabu mizinga. Samaki sasa ananunua kwangu, nami asali nanunua kwake.